Mradi wa Shahada ya Kwanza Hukwama Mwanzoni, Si Mwishoni

Miradi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, iwe ya maabara, ya fasihi, ya filamu au ya uhandisi, hukwama kwa sababu ile ile: mwanafunzi huanza kukusanya kabla hajajua anatafuta nini. Mwezi wa mwisho unamkuta na mafaili mia mbili na hoja hana. Kosa hilo halikuzaliwa mwezi huo. Lilizaliwa wiki ya pili, alipoandika "athari za mitandao ya kijamii kwa vijana" akadhani ana swali.

Hiyo ni mada, na mada haina jibu. Ibane. Vijana gani? Jambo gani linalopimika? Kwa muda gani? Ukiuliza "Je, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoacha simu nje ya chumba usiku hulala saa nyingi kuliko wanaolala nayo kitandani?" hapo umeshika kitu. Kisha andika sentensi tatu: data nitakayokuwa nayo mkononi, nitakachoifanyia, na matokeo yatakayonionyesha kwamba nilidhani vibaya. Hiyo ya tatu ndiyo huwashinda wengi. Kama hakuna matokeo yanayoweza kukupinga, rudi ukaandike swali upya.

Anayefanya kazi ya ubunifu asidhani haya hayamhusu. Swali lake ni la ufundi: nitasimuliaje msiba bila msimulizi kuutaja? Na mipaka yake inahesabika. Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu ni kama dakika moja kwenye kioo, kwa hiyo mwenye kurasa 25 kwa filamu ya dakika 10 akate kabla ya kushika kamera, maana kukata baadaye ni kutupa siku nzima za kazi ya watu. Aweke pia daftari la kazi: tarehe, nilichobadilisha, kwa nini. Maelezo ya kitaaluma yanayoambatana na kazi hutoka humo. Asiyekuwa nalo hulazimika kubuni sababu baada ya kazi kwisha, na msahihishaji mzoefu hulitambua hilo mapema.

Swali likishakaa sawa, jaribu kidogo kabla ya kufanya kikubwa. Hapa ndipo ningependa kila mwanafunzi atumie muda mwingi zaidi. Dodoso lako wape watu 5 hadi 10 ambao hawatakuwemo kwenye sampuli, kaa karibu nao wakijaza, uangalie kalamu inasita wapi. Chukua swali hili: "Je, unaridhika na walimu na vifaa vya maabara?" Akijibu hapana, amekataa nini, walimu au vifaa? Hayo ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na hakuna hesabu itakayoyatenganisha baadaye. Au hili: "Je, hutumia maktaba mara kwa mara?" Kwa mmoja mara kwa mara ni kila siku, kwa mwingine ni mara mbili kwa muhula. Uliza: "Katika siku 7 zilizopita, umeingia maktaba mara ngapi?" Kusita kwa kalamu kunakuonyesha makosa haya yakiwa bado yanarekebishika. Dodoso likishajazwa na watu 300, hayarekebishiki tena.

Kuhusu idadi, ukichagua watu kwa bahati nasibu kutoka kundi kubwa, 100 wanakupa asilimia yenye kosa la takriban 10 juu au chini, 400 wanalishusha hadi 5, na 1,000 hadi 3. Kupunguza kosa kwa nusu kunadai sampuli mara nne. Lakini hesabu hii ni ya bahati nasibu peke yake. Kiungo kilichorushwa kwenye makundi ya marafiki hakiingii humo, hata wakijibu watu 2,000.

Mahojiano yana hesabu yake pia. Saa moja ya sauti hula saa 4 hadi 6 za kunukuu kwa mkono, yaani kuigeuza sauti kuwa maandishi. Mahojiano 15 ya saa moja moja ni saa 60 hadi 90 mbele ya kompyuta kabla hujachambua hata sentensi moja. Programu za kunukuu hupunguza mzigo, ila mzungumzaji akichanganya lugha utairudia sauti yote mwenyewe.

Maabarani, kosa linaloumiza ni kuhesabu vipimo badala ya vitu. Kupima sampuli moja mara 3 kunakuonyesha kama kifaa chako ni thabiti, lakini hakukupi sampuli 3. Vivyo hivyo, miche 10 yenye mbolea ikikaa trei moja dirishani na 10 isiyo nayo trei nyingine ukutani, umelinganisha trei mbili na mwanga wake. Tumia vyungu tofauti, kisha panga mahali pake kwa kura.

Wa kompyuta nao huvutwa na asilimia kubwa. Kama kati ya picha 1,000 za majani 950 ni za majani mazima, programu inayojibu "zima" kila mara ina usahihi wa asilimia 95 na haijagundua jani hata moja linaloumwa. Toa taarifa ya majani mangapi yanayoumwa yaligunduliwa na mangapi yalipita bila kuonekana. Picha za majaribio zitenge na zile za kuifundishia programu kabla ya jambo lolote, na picha mbili za jani lile lile zisikae pande zote mbili.

Kwenye makavazi, yaani hifadhi za nyaraka za zamani, ruhusa ya kupiga picha ikishapatikana, picha ya kwanza iwe ya jalada na namba yake, ndipo kurasa zifuate. Ukurasa usiojulikana umetoka jalada lipi hauwezi kunukuliwa.

Kibali cha maadili kiombe mapema, maana hakitolewi kwa data iliyokwisha kukusanywa. Majina ya wahojiwa yakae faili moja, majibu faili nyingine. Weka nakala 3 katika vyombo vya aina 2, na moja iwe jengo jingine. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi, siku, yajipange yenyewe.

Bango la kuonyeshea mradi, la ukubwa wa A0, lina milimita 841 kwa 1,189, na wengi huona ukubwa huo wakamwaga tasnifu nzima. Maandishi ya kawaida yasishuke chini ya pointi 24. Kabla ya kulipeleka kuchapwa, lichape kwenye karatasi ya A4: pointi 24 hushuka kuwa 6, ndogo lakini zinasomeka kwa macho ya kawaida. Usipoweza kuisoma karatasi hiyo uliyoishika mkononi, atakayesimama mita mbili kutoka kwenye bango hataweza pia, kwa hiyo ondoa aya, usipunguze herufi.