Kabla hamjatupa, pindueni

SWALI: Shikamoo mama. Bibi yetu alifariki mwaka jana, na sasa tunatoa vyombo ili nyumba ipate kuuzwa. Jikoni kuna kikaango cheusi kizito kilichoota kutu, mabakuli manne ya kioo yenye rangi, yale ya kuingiana, na kisanduku cha vijiko vilivyofanya weusi. Kaka zangu wanasema ni mikweche mitupu, tuite gari la taka. Mimi roho inasita. Nitajuaje chenye thamani?
Mjukuu mwenye mashaka

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Hao kaka zako waambie wasubiri, tena wasisugue kitu chochote.

Kazi ya kwanza ni kupindua. Kitako ndicho kinachosema, uso unadanganya. Anza na kikaango. Ukiona duara lenye msalaba na maneno GRISWOLD na ERIE, umeshika mali. Ni kazi ya kiwanda cha Erie, Pennsylvania, huko Marekani, kilichofungwa mwaka 1957, na wakusanyaji wanaigombania. Kama kimeandikwa WAGNER, jina la kiwanda kingine cha Marekani, nacho usikidharau. Kisha pitisha kidole ndani. Vikaango vya zamani vya aina hiyo vilisagwa vikalainishwa ndani baada ya chuma kumiminwa kwenye kalibu, hivyo chini ya masizi na kutu utakuta uso laini. Vingi vya siku hizi vina chembechembe kama mchanga.

Kutu isikutishe, inatoka. Kinachoua kikaango ni ufa na kupinda. Kiweke juu ya meza iliyo sawa, bonyeza ukingo: kikichezacheza, kitako kimepinda. Kining'inize kwa mpini, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti ya kukauka. Na asije mtu akakitupa motoni eti kuunguza uchafu. Hapo ndipo vingi hupinda.

Mabakuli nayo yapindue, utafute jina Pyrex. Kampuni ya Corning ya Marekani ilianza kuuza vyombo vya jina hilo mwaka 1915, lakini seti ya mabakuli manne ya rangi ilikuja miaka ya 1940: kubwa njano, linalofuata kijani, kisha jekundu, na dogo la bluu. Mengi yana namba kitakoni, kuanzia 401 kwa dogo hadi 404 kwa kubwa. Yakiwa yote manne, msiyagawane! Seti kamili hutafutwa kuliko bakuli mojamoja. Yapeleke dirishani uyageuzegeuze kwenye mwanga. Rangi inayong'aa ni nzuri; iliyopauka ikawa kama chokaa imeliwa na mashine ya kuoshea vyombo, na haina dawa. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo lililochubuka lisitumike kwa chakula.

Vijiko ni habari fupi. Tazama mgongo wa mpini kwa kioo cha kukuzia. STERLING au 925 ni fedha yenyewe. Vya fedha vya Uingereza hupigwa muhuri wa simba anayetembea. EPNS ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu, na bei yake kwa kawaida ni ndogo. Utaambiwa utumie sumaku. Haikusaidii hapa, kwa sababu EPNS nayo haishikwi na sumaku.

Bei usiichukue kwa anayeuza, maana kutaja bei hakuna gharama. Tafuta vyombo kama hivyo viliuzwa kwa kiasi gani hasa mnadani, vikiwa katika hali kama ya vyako. Na kwa kuwa kaka zako wakisikia bei wataacha kusema mikweche, andikeni kwanza nani anachukua nini, kabla hakijatoka hata kijiko.