Tairsgear isipelekwe makumbusho

Wiki hii mmeuliza: kifaa gani cha nyumbani kipelekwe makumbusho ili wajukuu waijue historia ya kijiji? Mimi naishi kisiwani Lewis, Scotland, na nasema tairsgear, kifaa chetu cha kukatia mboji, isipelekwe kokote.

Lewis karibu haina miti. Kuni za huku ni mboji ya kinamasini, hukatwa matofali na kuanikwa. Tairsgear ndiyo ya kukatia: mpini mrefu, kibao cha kukanyagia, na chini kisu chenye bawa upande mmoja, hivyo kila mkato unatoa tofali zima.

Aliyenifundisha ni bibi jirani, umri wake umeshapita miaka 80. Ilikuwa Mei, upepo mkali. Hakuniruhusu kukata mpaka nibandue tabaka la nyasi na kulipanga chini shimoni, ili kinamasi kiote tena. Nikaanza kukanyaga kwa pupa. "Taratibu," akasema, "uzito wako unatosha." Kweli, chuma kikazama chenyewe. Tofali likatoka jeusi, linachuruzika maji. Yeye akalidaka na kulirusha ukingoni, likalala sambamba na lenzake. Tukaendelea hivyo hadi mikono ikafa ganzi. Tulipopumzika akanionyesha mpini ulipolika: hapo alishika baba yake, na kabla yake babu. Akasimulia koo zilizofukuzwa mashamba yageuzwe malisho ya kondoo, na jinsi sheria ya 1886 ilivyowapa wakulima wadogo haki ya kutofukuzwa kiholela. Aliyasema hayo akiwa amekaa kwenye ukingo wa familia yake mwenyewe, yaani sehemu ya kinamasi wanayokatia mboji. Kabati la kioo litayasema vipi?

Ila nikiandika haya naikumbuka nyumba namba 42 pale Arnol, kijiji cha hukuhuku Lewis, iliyokaliwa hadi 1966 na sasa imehifadhiwa. Moto uko katikati ya sakafu, hakuna dohani, na ng'ombe walilala chini ya paa hilohilo. Nisingeingia mle, nisingeelewa bibi aliposema kwamba kwao moto haukuachwa uzimike. Tena vijana wengi sasa wanapasha nyumba kwa mafuta au umeme, na wataalamu wa tabianchi wanataka mboji ibaki ardhini. Hoja yao ina uzito, ingawa kwa bibi mwenye ukingo mmoja siioni kuwa kubwa hivyo.

Basi ipelekwe moja, iliyovunjika mpini, mradi iandikwe ilikata ukingo gani na nyasi zilirudishwaje. Nzima abaki nayo mwenye kinamasi chake.