Ukienda misheni, jifunze kwanza kukaa na mtu na kumsikiliza

Vijana wengi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wanaosubiri wito wa misheni, yani kutumwa kwenda kuhubiri injili, wakiniuliza wajiandae vipi, huwa wanategemea ntawaambia wakariri masomo, wakariri maandiko, wakijue Kitabu cha Mormoni kuanzia 1 Nefi mpaka Moroni, na mi sikatai, soma sana tu, tena soma kabla hujaondoka manake ukishafika huko utulivu wa kusoma unakua mdogo kuliko unavyodhani. Ila kitu ambacho ningependa kila kijana aende nacho ni uwezo wa kunyamaza mtu mwingine akiwa anaongea. Kufundisha kwenyewe ndo huko. Na mahali unapojifunza hilo sio mlangoni kwa watu, ni ndani ya nyumba unayokaa na mwenzi wako, yani mmisionari mwenzako unayepangwa nae.

Niieleze siku yenyewe kwa ambaye haijui. Unaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unasali, unafanya mazoezi kama nusu saa, unaoga, unakula, alafu unakaa na maandiko peke yako, baadae unasoma pamoja na mwenzi wako mkiwaza wale mnaoenda kuwafundisha siku hiyo, na kama mmetumwa mahali penye lugha ngeni basi na lugha nayo inadai muda wake. Kuanzia mwaka 2017 marais wa misheni, yani wanaosimamia wamisionari wa eneo, walipewa nafasi ya kusogeza ratiba kidogo kulingana na mazingira, lakini umbo la siku limebaki lilelile. Kutoka hapo ni kutembea, kutafuta watu, kufundisha, kutembelea washiriki wa kata au tawi, yani kundi la kanisa la mahali hapo, kusaidia kazi za watu, mpaka jioni mnarudi, mnapanga kesho, na saa nne na nusu usiku mnatakiwa muwe mmelala. Hivo hivo kwa miaka miwili kama we ni mvulana, miezi 18 kama we ni msichana. Tangu mwaka 2012 wavulana wanaruhusiwa kwenda wakiwa na miaka 18, kwahiyo wengi wanatoka shuleni moja kwa moja na hawajawahi kuishi mbali na nyumbani hata kidogo.

Sasa mwenzi. Watu hawalielewi hili mpaka waliishi. Huyu mtu hukumchagua, yeye hakukuchagua, rais wa misheni ndo kawapanga, na kanuni inasema mnatakiwa muwe mnaonana na kusikiana muda wote isipokua chooni na bafuni, na wakati wa mahojiano na rais. Mnaweza kukaa wiki sita mkahamishwa, mnaweza kukaa miezi. Anakoroma, au anasali mpaka magoti yako yanauma, au anaacha vyombo, au ni msafi kiasi kwamba we ndo unaonekana mchafu. Kijana wa miaka 18 akikasirika nyumbani kwao anatoka nje anaenda kwa rafiki. Huku hakuna kutoka, ukitoka mnatoka wote.

Ushauri wangu kwenye hili ni kwamba msisubiri. Kwenye kupanga wiki kuna muda umewekwa wa nyie wawili kuambiana mnaendeleaje, kipi kinawasumbua, mtarekebisha vipi, na wenzi wengi wanaupitisha haraka haraka, mwingine anauliza una chochote, mwenzake anasema sina, wanafunga kwa sala. Usifanye hivo. Sema lile dogo wakati bado ni dogo, liseme kwa sauti ya kawaida, alafu muache na yeye aseme lake hadi amalize, usimjibu kila sentensi. Mwenzangu mmoja alikua kila akimaliza kuongea na mama yake kwa simu anakaa kitandani anakunja shati, anaikunjua, anaikunja tena shati ileile. Nlikaa tu pembeni yake nikasafisha viatu vyangu taratibu, sikumuuliza mara mbili, na baada ya muda mrefu kidogo akaanza mwenyewe kusema kwamba baba yake anaumwa na hataki kumwambia rais asije akarudishwa nyumbani. Tulimpigia rais pamoja siku ileile. Hakurudishwa, alipewa ruhusa ya kuongea na baba yake zaidi, na kuanzia hapo tulifundisha kama watu wanaojuana, hata watu tuliokua tunawafundisha waliona.

Na hapo niseme la simu manake wazazi nao wananiuliza. Zamani mmisionari alikua anapiga nyumbani mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Krismasi na Siku ya Mama, kwingine kote ni barua na baadae barua pepe. Tangu Februari 2019 unaruhusiwa kuongea na familia kila wiki siku ya maandalizi, ile siku ya wiki ya kufua na kupumzika. Ni baraka kubwa kwa kweli. Mama, baba, mkiongea nae msimjaze mambo yote ya ugomvi wa nyumbani ambayo hawezi kuyafanya chochote akiwa kule, lakini pia msimfiche ugonjwa au msiba, manake akija kujua ameachwa gizani ataacha kuwaamini na simu itakua ya salamu tu.

Haya, kufundisha. Mwongozo wetu unaitwa Hubiri Injili Yangu, ulitoka mwaka 2004 na ukatolewa upya 2023, na tofauti yake na mifumo ya zamani ni kwamba hukaririshwi maneno ya kusema. Zamani kuna vipindi wamisionari walikariri hotuba nzima. Sasa hivi unapewa mafundisho yenyewe, urejesho wa injili, mpango wa Baba wa Mbinguni, injili ya Yesu Kristo na kuendelea, alafu wewe unatakiwa umsome mtu aliyeko mbele yako na uongozwe na Roho uanzie wapi. Uhuru huo ni mzuri ila unatisha, ndo maana wengi wanajitengenezea hotuba yao wenyewe kichwani na kuirudia kila nyumba.

Ntakupa mfano mmoja. Kulikua na mama mmoja mkarimu sana, anatukaribisha, anakaa vizuri anatuangalia, kila tukisema kitu anaitikia ndio, ndio kabisa, amina. Tukamfundisha habari za Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, akiwa kijana wa miaka 14, kule Palmyra katika jimbo la New York mwaka 1820, alivyochanganyikiwa na makanisa yaliyokua yanabishana, akasoma kwenye waraka wa Yakobo katika Biblia kwamba mtu akipungukiwa na hekima amuombe Mungu, akaenda msituni kuomba. Ndio, amina. Mtu mwingine angefunga hapo akaandika kwenye simu somo la kwanza limekamilika. Mwenzangu akamuuliza swali ambalo mi nimelitumia maisha yangu yote baada ya hapo, akamwambia mama, mwanao akirudi jioni akikuuliza hawa vijana walisema nini, utamwambiaje? Alafu akanyamaza. Mama akafikiri, sisi kimya, akasema ntamwambia kwamba Yusufu, yule mume wa Maria, alienda msituni kuomba kabla Yesu hajazaliwa.

Alikua amesikiliza kwa makini kabisa, wala hakua mjinga, ila kila tulipotaja Joseph yeye alimuona Yusufu anayemfahamu tangu utotoni, na kwa heshima aliyokua nayo kwa wageni asingeweza kutukatisha. Tulirudi mwanzo, tukachukua karatasi tukaandika miaka, hapa Yesu, hapa mitume, hapa karne nyingi zinapita, hapa 1820, hapa kanisa linaanzishwa tarehe 6 Aprili 1830, na kila hatua yeye ndo alikua anatueleza, sio sisi. Siku hiyo ndo aliuliza maswali ya kweli, tena magumu.

Kwahiyo ndio ya mtu mstaarabu isikudanganye. Uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndio. Alafu, na hapa ndo watu wanashindwa, ukishauliza funga mdomo. Ukimya wa sekunde kumi ndani ya nyumba ya mtu unaonekana mrefu balaa na mmisionari mpya anaukimbia, anajibu swali lake mwenyewe au analigeuza swali jingine. Muache mtu afikiri. Roho Mtakatifu nae anahitaji hiyo nafasi, mi naamini hivo kwa moyo wote.

Maswali magumu yatakuja na usiyakwepe. Watakuuliza kama mnaoa wake wengi. Sema ukweli kwamba ndoa za wake wengi zilikuwepo kwenye kanisa miaka ya mwanzo, na Wilford Woodruff, rais wa kanisa wakati huo, alitoa tamko la kuzisitisha mwaka 1890, na leo mshiriki akioa mke wa pili anapoteza ushirika wake kanisani. Watakuuliza habari ya watu weusi, na kama we mwenyewe ni mweusi watakuuliza ukiwa umesimama na beji yako kifuani. Sema ukweli pia, kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja wanaume weusi hawakupewa ukuhani na wanaume kwa wanawake weusi hawakuingia kwenye ibada takatifu za hekaluni, na hilo liliondolewa Juni 1978 Spencer W. Kimball akiwa rais wa kanisa. Matamko yote mawili yamechapishwa mwishoni mwa Mafundisho na Maagano, kimojawapo cha vitabu vyetu vya maandiko, mtu anaweza kuyasoma mwenyewe. Mi sijawahi kuona mtu aliyekimbia kwa sababu ameambiwa ukweli na mmisionari, ila nimeona waliokimbia kwa sababu waliukuta kwingine baada ya mmisionari kuzunguka zunguka. Na watakuita Wamormoni, usikasirike, ila taja jina kamili la kanisa, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, Russell M. Nelson akiwa rais wa kanisa alilisisitiza sana hilo 2018, na kwa kweli ukilitaja lote linajibu nusu ya swali la kwanza, kama tunamuamini Yesu.

Kuhusu ubatizo, nina msimamo na najua sio kila mmisionari mwenzangu anakubaliana nao. Usimkimbize mtu. Mualike mapema ndio, mualiko ni kazi yetu, lakini mtu ambaye hajaja mkutano wa sakramenti, ile ibada yetu ya jumapili, akakaa na watu, hajajaribu kuacha chai, kahawa, pombe au sigara kwa ajili ya Neno la Hekima, sheria yetu ya afya, hajui zaka ni nini, huyo ukimuingiza majini unamuweka kwenye agano asilolijua alafu wewe unahamishwa anabaki peke yake. Ndo maana kuna mahojiano kabla ya ubatizo na anayehoji sio yule aliyefundisha. Mahojiano hayo usiyaone kama kikwazo cha idadi yako ya mwezi, yapo kumlinda yule mtu. Na hakikisha kabla ya siku hiyo ana rafiki kwenye kata, mshiriki wa kawaida kabisa atakayekaa nae kiti kimoja jumapili ambayo wewe haupo.

Kukataliwa ntaligusa kidogo tu. Kutakuepo, kila siku, mlango baada ya mlango, na wengine watakutukana. Msalimie siku nyingine kama jirani, usibishane, nenda. Linalochosha zaidi kuliko matusi ni yule aliyekua anaendelea vizuri, anasoma, anasali, alafu wiki moja hapokei simu. Hilo linaumiza na ruhusa ya kuumia unayo. Usijifanye chuma. Ukiona usiku hulali, asubuhi hutaki kutoka, chakula hakishuki, mwambie mwenzi wako na mwambie rais wa misheni, kuna wataalamu wa ushauri kwa ajili ya wamisionari na kuwatumia sio upungufu wa imani. Na siku ya maandalizi ipumzike kweli, fua, andika, cheza mpira, lala mchana. Wanaoitumia kununua vitu na kupiga picha mpaka jioni wanaianza wiki wakiwa wamechoka zaidi.

La mwisho ni la siku unayohamishwa, manake taarifa ikija una muda mdogo sana na akili yote iko kwenye begi. Kabla hujafunga begi kaa na simu ya kazi, fungua majina ya watu wote mnaowafundisha mmoja mmoja, na usiandike tu somo la pili limefundishwa. Andika mtu alisema nini. Andika kwamba huyu anaogopa mume wake hatakubali, huyu anasoma kwa shida kwahiyo msomeeni kwa sauti, huyu jina Joseph linamchanganya anzieni na miaka, huyu hapendi kutembelewa jioni kwa sababu anamuuguza mama yake. Andika kwa maneno yao kadri unavyokumbuka, manake anayekuja hawajui kabisa, na wao watakua wanaanza tena na mgeni.