Barua kwa mwanangu: mpigaji na mkabaji

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Hamisi,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili, mara ya kwanza dukani na mara ya pili nyumbani baada ya kuvaa miwani. Umeniambia kwamba karibu na mnapolala huko Abu Dhabi kuna kumbi mbili za mazoezi, mmoja unafundisha ngumi za Kithai na mwingine unafundisha jujitsu, yaani ukabaji wa chini, na kwamba mshahara wako unatosha kulipia mmoja tu. Umeniambia pia kwamba chumba kizima kimegawanyika, yule Mganda akishikilia kuwa mpiga ngumi humaliza kazi kwa konde moja, na yule Mpakistani akimjibu kila mara kwa jina la Khabib, yule mkabaji wa Urusi. Ndipo ukaniuliza: "Baba, wewe umecheza ngumi. Mpigaji na mkabaji wakikutana kwenye MMA, ule mchezo unaochanganya ngumi, mateke na ukabaji, nani anamweza mwenzake?"

Ujue kwanza kwamba unamwuliza shahidi mwenye upande. Nilipanda ulingoni miaka saba, na pua yangu inatoa ushahidi huo kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo jibu langu limenigharimu fahari kidogo: anayeshinda ni yule mwenye uwezo wa kuamua pambano lifanyike wapi, wima au chini, na uwezo huo hukaa mikononi mwa mkabaji mpaka mpigaji ajifunze namna ya kumnyang'anya.

Mwaka 1996 timu yetu ilikuwa kambini pwani, na kambini humo walikuwamo vijana wa judo kutoka Unguja. Mmoja wao, mfupi, mwembamba, ambaye sidhani kama alifika kilo 60, alizoea kukaa pembeni akituangalia tunavyopiga gunia. Mimi nilikuwa na kilo 75 na maneno mengi. Jioni moja nikamwita mchangani na kumwambia anishike kama anaweza. Nilitanguliza mkono wa kushoto kupima umbali, nikaona anafikika, nikafuatisha wa kulia kwa nguvu zangu zote. Ule wa kulia ulipita juu ya kichwa chake ukaendelea na safari, kwa kuwa mwenyewe alikwisha shuka na kulikumbatia paja langu, bega lake limenikaa nyongani. Nikarudi nyuma hatua moja, kumbe mguu wake unanisubiri nyuma ya kisigino, mtama uleule tuliokatana utotoni tukicheza chandimu, nikaanguka chali. Anguko lenyewe halikuniumiza. Kilichonitisha ni kwamba nikiwa pale chini nilimpiga shavuni ngumi tatu au nne, na yeye akawa anatabasamu.

Ilinichukua muda kuelewa tabasamu lile. Ngumi, mwanangu, haitoki mkononi. Inaanzia kwenye unyayo unaoisukuma ardhi, inapanda gotini, kiuno kinaizungusha, bega linaisindikiza, na kazi ya mkono ni kuifikisha tu. Mtu aliyelala chali huku mwenzake amemkalia tumboni hana ardhi ya kusukuma wala kiuno cha kuzungusha, amebakiwa na mkono mtupu. Aliye juu, kinyume chake, ana uzito wake wote na nafasi ya kuudondosha, ndiyo maana makonde na viwiko vyake vinapasua nyuso. Ufundi wangu wa miaka mingi ulikuwa unakaa miguuni, na kijana yule aliiondoa miguu.

Baadaye, katika kibanda cha video, nilitazama kanda iliyochakaa ya shindano la kwanza la UFC, mashindano makubwa ya MMA, lililofanyika Denver, Marekani, tarehe 12 Novemba 1993. Siku hizo hapakuwa na mgawanyo wa uzito, hapakuwa na majaji wa pointi, na pambano halikuwekewa kikomo cha muda. Mshindi alikuwa Royce Gracie wa Brazil, mtu wa kilo zipatazo 80 aliyevaa vazi jeupe la judo, ambaye familia yao ilijifunza sanaa hiyo kwa Mitsuyo Maeda, Mjapani wa judo aliyehamia Brazil. Usiku mmoja aliwashinda watatu: Art Jimmerson, kisha Ken Shamrock, na kwenye fainali akampiga kabali Gerard Gordeau wa Uholanzi, mpiga mateke aliyekuwa mzito na mrefu kumshinda. Jimmerson alikuwa bondia, na aliingia amevaa glavu moja tu, mkono wa kushoto. Alipoangushwa na kukaliwa juu, akasalimu amri hata kabla hajakabwa. Kibandani watu walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anavyojisikia mtu anapogundua kwamba hana hata neno moja katika lugha anayosemeshwa.

Kabali unaijua, umekulia mjini na umesikia habari za vibaka. Ya wanamichezo ni ya utaratibu zaidi: mkono unazunguka shingo na kuibana pande mbili, si koromeo, damu inayopanda kwenye ubongo inapungua, na mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache tu, awe na misuli au asiwe nayo. Mwenye akili humgonga mwenzake kwa kiganja kabla ya kufika huko, na mwamuzi anawaachanisha.

Kama ulidhani hayo yalikuwa mambo ya zamani, mtafute James Toney, bingwa wa dunia wa ngumi katika uzito zaidi ya mmoja, aliyeingia kizimbani Boston mwezi Agosti 2010 kupambana na Randy Couture, mwana mieleka aliyekuwa na umri wa miaka 47. Couture alijitupa karibu na sakafu, akaudaka mguu, na bondia wetu akawa chini ndani ya sekunde chache. Pambano liliisha raundi ya kwanza kwa kabali. Niliitazama nikiwa na matumaini, sitakuficha.

Lakini usiende bado kumpongeza yule Mpakistani, kwa sababu hadithi ina upande wa pili. Mwaka 1997 Mark Coleman, mwana mieleka aliyefika Olimpiki ya 1992, alikuwa anawaangusha wazito wenzake kama mahindi. Akakutana na Maurice Smith, mpiga mateke ambaye wengi walimhesabu kama mtu aliyekwisha kufa. Smith aliangushwa, lakini alikuwa amejifunza kukaa chini bila kuumia: miguu yake ilimbana Coleman kiunoni, mikono ikamkumbatia asipate nafasi ya kupiga, na muda ukapita. Coleman akaishiwa pumzi, wakasimama, na kuanzia hapo akawa gunia la mazoezi. Baada ya dakika 21 majaji wakampa Smith ushindi.

Tangu hapo wapigaji walielewa kwamba hawahitaji kuwa wakabaji hodari, wanahitaji kutokubali kubaki chini. Njia kuu ni hii: mwenzako anapoinama kufuata mapaja yako, unatupa miguu yote miwili nyuma na kumdondoshea kiuno mgongoni, uzito wako ukimsukuma uso sakafuni, kisha unasimama na kurudi kwenye kazi yako. Chuck Liddell, aliyekuwa bingwa kwa makonde yake, alicheza mieleka tangu shuleni hadi chuoni, na mieleka hiyo aliitumia zaidi kukataa kuangushwa kuliko kuangusha. Kumbuka pia kwamba kila raundi ya dakika tano huanza watu wamesimama, hivyo mkabaji analazimika kuivuka upya ile hatua moja na nusu ya hatari, ambamo goti na ngumi ya chini kwenda juu vinamsubiri.

Mganda wako atafurahi ukimkumbusha Kamaru Usman, Mnaijeria wa mieleka, mwezi Agosti 2022. Alikuwa anaongoza dhidi ya mpigaji Leon Edwards hadi raundi ya tano, imebaki chini ya dakika moja, Edwards akamdanganya kwa mkono wa kushoto na teke la kushoto likafuata kichwani. Hakuna ukabaji unaokurudishia dakika hiyo. Mpigaji anaweza kushindwa dakika 24 na kushinda kwa sekunde moja, jambo ambalo mkabaji analipata kwa nadra zaidi.

Ila lililonifundisha zaidi ni pambano la Khabib na Conor McGregor, Las Vegas, tarehe 6 Oktoba 2018. Watu wanakumbuka kwamba Khabib alimaliza kwa kumkaba raundi ya nne. Wanasahau kwamba raundi ya pili yeye, mkabaji, ndiye aliyemwangusha McGregor, mpigaji, kwa ngumi. Ilikuwaje? McGregor alikuwa anachunga mapaja yake. Mtu anayeogopa kushikwa miguu huteremsha mikono na macho yake hutazama chini, na hapo hata ngumi isiyo na ufundi mwingi inamkuta. Tishio la kuangushwa peke yake ni silaha, hata lisipotekelezwa. Na kinyume chake ni kweli: Francis Ngannou wa Kameruni, ambaye utotoni alichimba mchanga kwa kibarua na ngumi zake zinatisha hata kwenye simu, alishindwa kwa pointi na Stipe Miocic mwaka 2018 kwa sababu alichoshwa kwa mieleka. Mwaka 2021 akamrudia na kumwangusha kwa ngumi. Mwaka 2022, goti lake likiwa limeumia, alipoona Ciryl Gane anamzidi kwa miguu na mateke, akaanza yeye mwenyewe kumbwaga, na akaulinda ubingwa wake kwa kazi ileile iliyomfedhehesha miaka minne nyuma.

Sasa kuhusu pesa zako. Jiandikishe jujitsu. Huko uliko wapo walimu wazuri, kwa kuwa Abu Dhabi imeuingiza mchezo huo hata mashuleni na mashindano makubwa ya ukabaji yalianzishwa huko mwaka 1998. Lakini kabla hujalipa, kaa pembeni siku moja utazame. Kumbi nyingi za jujitsu huanza mazoezi watu wakiwa wamekaa au wamepiga magoti, na mwanafunzi anamaliza mwaka hajui kumwangusha mtu aliyesimama. Muulize kocha wanafanya mazoezi ya kuangushana siku ngapi kwa wiki. Akikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta pengine, hata kama ni mbali.

Sababu nyingine sikuisema mbele ya mama yako. Unaweza kukabwa mara kumi kwa jioni moja, ukagonga mapema kila mara, na kesho ukaenda kazini kichwa chako kizima, ukilalamikia vidole na masikio tu. Ngumi za kichwa hazifutiki namna hiyo. Yule rafiki yangu tuliyekuwa tunakimbia naye alfajiri, unamjua, siku hizi huniuliza jina la mjukuu wake mara mbili katika mazungumzo ya dakika kumi.

Ngumi nitakufundisha mimi ukija likizo. Glavu zangu mama yako amezitia kwenye gunia juu ya kabati na anadhani sijui. Nunua kinga ya meno na ukate kucha, maana wakabaji hawapendi kuchanwa. Ukishaanza, niandikie siku ya kwanza walikubwaga mara ngapi, na usinipunguzie hesabu.

Baba yako