Uliza Fundi: Breki ziliisha mteremkoni, baada ya nusu saa zikarudi zenyewe

SWALI: Habari fundi. Mimi naendesha pikapu ya mizigo. Juzi nilikuwa nashuka mteremko mrefu, mzigo umejaa, mguu uko kwenye breki muda wote, mara pedali ikaanza kulainika ikashuka mpaka chini kabisa, nikaokolewa na gia na hendibreki. Nikapaki kama nusu saa hivi, nikakanyaga, breki zipo kama kawaida! Nimepeleka gereji wameniambia hakuna panapovuja. Sasa nimepewa lori la breki za upepo, nataka kujua ile ilikuwa nini na je hizi za upepo nazo zinaweza kunifanyia vile?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na tumshukuru Mungu uko mzima. Hapo uliposema zilirudi zenyewe ndipo paliponitisha, maana wengi wakiona pedali imerudi wanaendelea na safari hivyohivyo na mteremko mwingine uko mbele.

Kazi yote ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Na gari likiwa spidi 80 nguvu ya mwendo wake ni mara nne ya likiwa 40, watu wengi wanadhani ni mara mbili, sasa nguvu yote hiyo ukitaka kusimama lazima itokee kwenye vyuma kama joto.

Kwenye pikapu yako ukikanyaga pedali unasukuma pistoni ya masta silinda, nayo inasukuma mafuta ya breki kwenye paipu mpaka kwenye magurudumu. Mafuta hayabanwi yakapungua, kwahiyo msukumo unafika wote, na pistoni za kule magurudumuni ni pana zaidi ya ile ya masta ndo maana nguvu inafika imeongezeka. Busta nayo inakusaidia kwa kutumia mvuto wa hewa wa injini, (na ndo sababu nawasihi madereva msizime injini mteremkoni ati kuokoa mafuta, ukikanyaga mara moja mbili tu msaada umeisha, pedali inakuwa ngumu kama jiwe).

Mbele pikapu nyingi zina diski, kalipa inaibana kwa pedi huku na huku, iko wazi kwenye upepo inapoa haraka. Nyuma ni dramu, shuu mbili zinapanuka kutokea ndani. Dramu inashika vizuri sana kwasababu ikizunguka inaivuta shuu izidi kujikandamiza, ila joto linabaki humohumo ndani, halafu dramu ikipata moto inatanuka inaikimbia shuu.

Sasa lako. Mafuta yako ya breki yalichemka. Haya mafuta yananyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo hata kama hakuna panapovuja. Yana madaraja yaliyoandikwa kwenye chupa, DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, DOT 4 ni 230, lakini yakishanyonya maji viwango hivyo vinashuka mpaka 140 na 155. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabanwa, kwahiyo mguu wako ulikuwa unabana mapovu badala ya kusukuma pistoni. Yalipopoa mvuke ukarudi kuwa maji, pedali ikapanda. Hendibreki ilikuokoa kwasababu inavutwa na waya, haihusiani na mafuta kabisa.

Nimeshafungua gari la namna hii, mafuta yalitoka meusi kama oili chafu wakati yakiwa mapya unaona mpaka upande wa pili wa chupa, na pedi ukipitisha kidole zimeng'aa zinateleza kama kioo. Pedi zikifika hapo dalili inakuwa nyingine, pedali ngumu lakini gari halishiki. Kwahiyo badilisha mafuta yote, toa hewa gurudumu moja moja, kagua pedi na shuu, na baada ya hapo rudia mafuta kila miaka miwili. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hayo mengine.

Lori sasa. Kompresa inajaza upepo kwenye matangi, pedali ni vali tu ya kuuruhusu uende kwenye chemba za magurudumu, chemba inasukuma fimbo, fimbo inazungusha kemu, kemu inapanua shuu. Mafuta ya kuchemka hapo hakuna. Halafu breki ya kupaki ni springi kubwa, upepo ndo unaizuia isifunge, upepo ukiisha springi inajifungia yenyewe. Wazo la kwamba upepo ukipotea breki ifunge lilianzia kwenye treni, Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo mwaka 1869 na mwaka 1872 akaiboresha ili hata paipu ikikatika mabehewa yasimame.

Lakini joto liko palepale! Dramu ikitanuka fimbo ya chemba inatembea mbali zaidi mpaka inafika mwisho wake shuu hazijakandamiza vizuri, na ukipampu pampu unamaliza upepo kwenye matangi. King'ora cha upepo kupungua kikilia, kawaida karibu na psi 60 (kipimo cha msukumo wa upepo kwenye geji), tafuta pa kusimama hapohapo. Chagua gia nzito (namba ndogo) KABLA hujaanza kushuka, katikati ya mteremko lori zito linaweza kugoma kuingia gia ukabaki na frii. Breki ya ekzosti, ile inayobana moshi usitoke ili injini izuie mwendo, iwe imewashwa. Ukitumia breki ya mguu kanyaga kisawasawa spidi ishuke, achia zipoe, usiulaze mguu pale kama ulivyofanya siku ile.

SWALI: Nikikanyaga breki ghafla kwenye utelezi pedali inatetemeka na kugonga mguu, niachie?

JIBU: Usiachie kabisa! Hiyo ni ABS, mfumo wa kuzuia tairi lisifunge. Sensa zinaona tairi linataka kufunga, basi pampu na vali zinalegeza na kukaza mara nyingi kwa sekunde ili tairi liendelee kuzunguka na usukani uendelee kukutii. Bosch na Mercedes waliiweka kwenye S-Class mwaka 1978. Kandamiza mpaka mwisho na uelekeze gari unakotaka liende. Ila kwenye kokoto na vumbi jingi inaweza kusimama mbali kuliko tairi lililofunga, huko punguza spidi mapema.