Jibu: Kuhifadhi chai ya pu'er nyumbani

Ndugu, umeuliza kama lile bonge la pu'er (chai ya China iliyoshindiliwa) uliloletewa kutoka Guangzhou likae kwenye friji. Hapana. Litanyonya harufu za samaki na vitunguu, na baridi itazuia chai isikomae. Chai hii ya Yunnan, jimbo la kusini-magharibi mwa China, huendelea kukomaa kwa miaka, hivyo inataka hewa kidogo na unyevu wa wastani, takriban asilimia 60 hadi 70. Liache ndani ya karatasi yake, litie kwenye boksi safi au chungu kisicho na harufu, kabatini, mbali na jua, jiko na (tafadhali sana) karafuu. Kwa joto la Dar adui wako ni ukungu, hasa wakati wa masika, kwa hiyo likague mara kwa mara. Likiota manyoya, tupa tu. Chai ya kijani ni habari nyingine: hiyo ifunge kabisa na uinywe mapema.