Machale yalinicheza, au nilitumia akili?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi bodaboda wa Morogoro. Juzi saa tano usiku jamaa kanisimamisha anataka nimpeleke Kihonda, nikamtajia bei kubwa akakubali hapohapo hata kuomba nipunguze hakuomba, basi nikamdanganya mafuta yameisha nikasepa. Kesho yake nawasimulia wenzangu kijiweni kwamba machale yalinicheza, mmoja akanikatiza, eti hicho sio Kiswahili, niseme nilitumia akili. Kwani si vitu viwili tofauti?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole kwa usiku ule. Ni Kiswahili, tena kitamu sana, na ni vitu viwili kweli. Sikiliza vitenzi vyake tu utaona. Akili unaitumia, wewe ndo bosi wake, unakaa unapima hiki na kile. Machale huyatumii, yenyewe ndo yanakucheza, yamenicheza, yamemcheza, yaani wewe unatendwa. Na hapo kucheza sio mchezo wa mpira, ni kule kucheza kwa jicho au mshipa, unashtukia tu kope linaruka hujaliamrisha. Mi napenda sana hapo, lugha imeona kwamba mwili unajua kitu kabla kichwa hakijajua.

Halafu machale ni ya hatari au jambo baya tu. Ukisema machale yamenicheza kwamba ntapata kazi, watu watakushangaa, kwa la heri tunasema moyo unaniambia. Na usichanganye na chale za kuchanjwa mwilini, zile tunasema chale zimechanjwa, haya ni machale yamecheza.

Akili tumeitoa kwenye Kiarabu, mzizi wake ni uleule wa kumfunga ngamia kamba asiende ovyo, kwa hiyo ni kitu cha kujizuia na kufikiri. Busara nayo inatoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kuona.

Sasa kwako, ile bei kukubaliwa haraka uliiona, ila hukukaa ukaipigia hesabu, tumbo lilishakaza. Hayo ni machale. Ungesimama ukajiuliza mbona huyu haombi apunguziwe, halafu ukaamua, hapo mwenzako angekuwa sahihi. Kijiweni endelea kusema hivyohivyo, ila siku ukiandika maelezo polisi weka tu "nilihisi hatari".